"Ana mawazo"



Lugha yetu ina jambo moja la ajabu. Tukisema mtu fulani ana mawazo mazuri, tunamsifu. Tuliondoe neno hilo moja, "mazuri", na sifa inageuka kuwa habari ya huzuni: "Mama yule ana mawazo." Anayeambiwa hivyo haulizi ni mawazo gani. Anaelewa mara moja kwamba mama huyo hali vizuri, usiku usingizi haumjii, akisemeshwa huitika kwa kuchelewa, na mboga ameitia chumvi mara mbili. Wazee wetu walitambua zamani kwamba kufikiri, ambako ndiko kunakomtofautisha binadamu na mnyama, kunaweza kugeuka kuwa maradhi.

Juma hili twapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya maradhi hayo, na hasa juu ya dawa tunayoitoa kwa haraka tukikutana na mwenye nayo. Twamwambia: "Acha mawazo." Tukishasema hivyo, twaendelea na safari yetu. Sisi twathubutu kusema kwamba dawa hiyo haiponyi, na kwamba mara nyingine inaongeza ugonjwa.

Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, pamoja na wenzake, walichapisha jaribio ambalo hata mtoto wa shule ya msingi aweza kulirudia. Waliwaomba wanafunzi wakae dakika tano bila kumfikiria dubu mweupe, na kila anapowajia akilini wagonge kengele. Kengele ziligongwa kila mara. Zaidi ya hayo, wanafunzi hao waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, walimfikiria kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Ikiwa mtu hawezi kumfukuza akilini dubu ambaye hajapata kumwona, atawezaje kuifukuza kodi ya nyumba ambayo mwenye nyumba ameidai asubuhi?

Ni lazima tutofautishe mambo mawili. Kufikiri kwenye afya kuna mahali kunakokwenda: ada ya mtoto inatakiwa mwezi Januari, nina kiasi gani, nimwendee nani, nianze lini. Mawazo hayaendi popote. Yanauliza kwa nini mimi, kwa nini sasa, watu watasemaje, na yakimaliza yanaanza upya. Ng'ombe akicheua hupata shibe. Mwenye mawazo hucheua usiku kucha akaamka na njaa. Bibi Susan Nolen-Hoeksema, aliyefariki mwaka 2013, aliuchunguza uchezeaji huu wa mawazo kwa miaka mingi. Alipata nafasi isiyo ya kawaida: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford walikuwa wamekwisha kujibu maswali yake siku 14 kabla ya tetemeko la ardhi lililoipiga California mwezi Oktoba 1989. Baada ya tetemeko, wale waliokuwa na tabia ya kucheua huzuni zao tangu awali ndio waliolemewa zaidi na sonona. Tetemeko lilikuwa moja kwa wote.

Lakini wanaoufahamu ugonjwa huu kwa jina lake ni ndugu zetu Washona wa Zimbabwe. Wao huuita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, kwa maana katika lugha yao kufunga ni kuwaza. (Hatudai kwamba neno hilo lina undugu na kufunga kwetu sisi, ila sikio la Mswahili haliwezi kulisikia bila kuona kamba iliyokazwa mno.) Mwaka 2013, chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kilipotoa toleo la tano la mwongozo wake mkuu, neno kufungisisa liliorodheshwa humo.

Huko Harare kuna daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Dixon Chibanda. Mwaka 2005 alimpoteza mgonjwa wake, binti aliyejitoa uhai. Jamaa zake walieleza kwamba walijua binti anahitaji kurudishwa kwa daktari, ila nauli ya basi, kama dola 15 tu, haikupatikana. Madaktari wa fani hiyo walikuwa wachache mno, takriban 12 kwa nchi nzima. Basi mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare, daktari huyo alianza kazi na mabibi 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa mtaa. Chumba ndani ya zahanati hakikupatikana, wakaweka benchi nje. Mwanzoni benchi hilo lilipewa jina lenye kutaja afya ya akili, na watu wakalikwepa, maana ni nani anayetaka kuonekana ameketi hapo? Mabibi wenyewe ndio walioshauri jina libadilishwe. Likawa Benchi la Urafiki, na kwa Kishona jina lake lamaanisha kiti cha kupeana mashauri.

Je, bibi yule hufanya nini? Hamwambii mgeni wake aache mawazo. Humwomba ayataje yote. Mume hana kazi, mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, shemeji hawasalimiani naye, dawa zinamchosha, paa linavuja. Bibi husikiliza mpaka mwisho. Kisha anauliza swali ambalo kwetu sisi ndilo kiini cha jambo lote: katika haya yote, tuanze na lipi? Mgeni huchagua moja, na si lazima liwe kubwa kuliko mengine. Wanatafuta pamoja njia kadhaa za kulikabili, anachagua njia moja, wanapanga hatua ya kwanza: itafanyika siku gani, na nani, kwa fedha kiasi gani. Mgeni anakwenda kuifanya. Akirudi, anaeleza kilichotokea, nao wanaendelea kutoka hapo. Vikao vyaweza kufika sita.

Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwezi Desemba 2016 katika jarida maarufu la madaktari wa Marekani, JAMA. Walichunguzwa watu 573, wengi wao wanawake, katika zahanati 24 za Harare. Baada ya miezi sita, kati ya walioketi na mabibi, wenye dalili za sonona walikuwa chini ya 14 katika kila 100. Kati ya wale waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo, walikuwa karibu 50 katika kila 100. Tangu hapo benchi hilo limevuka mipaka, likafika Malawi na hata Zanzibar.

Tuzingatie kwamba bibi hakumlipia mtu kodi. Wengi waliinuka pale wakiwa na umaskini wao ule ule. Lakini rundo lilikuwa limefumuliwa, na mtu ameshika uzi mmoja mkononi. Wasomaji wa Injili ya Luka, sura ya 10, watakumbuka kwamba Bwana naye hakumwambia Martha kwamba hana matatizo. Alimwita kwa jina mara mbili, akakiri kwamba yanayomsumbua ni mengi, kisha akamwelekeza kwenye moja. Kwa hiyo tunapomwambia mwenzetu "mwachie Mungu", tujiulize kama tunamsindikiza kwa Mungu au tunamfungia mlango ili tuwahi basi.

Sasa tuseme neno juu ya kurahisisha maisha, kwa kuwa siku hizi jambo hilo linahubiriwa kila mahali. Mahubiri mengi ya namna hiyo yanawalenga watu ambao makabati yao yamejaa nguo, nao wanaambiwa wazipunguze. Wengi wetu hata kabati hatuna. Kilichojaa kwetu ni maamuzi yasiyokwisha. Chukueni mfano wa michango. Kadi ya harusi, kadi ya send-off, kadi ya kipaimara, msiba wa jirani, kundi la WhatsApp la wanaukoo ambalo mwekahazina wake hutaja majina ya wasiotoa. Kila kadi inafungua kesi mpya usiku: nitoe elfu 20 au elfu 50? Yeye alinichangia kiasi gani? Nikitoa kidogo nitaonekanaje? Kesi kumi za namna hiyo kwa mwezi zinatosha kumnyima mtu usingizi, hata kama fedha yenyewe ipo.

Tunashauri mume na mke waketi mara moja, mwanzoni mwa mwaka, waamue jumla ya fedha ambayo nyumba yao itatoa kwa michango mwaka mzima, na kiasi kwa kila aina ya uhusiano: ndugu wa damu kiasi hiki, jirani kiasi hiki, mfanyakazi mwenzetu kiasi hiki. Kadi ikifika inakuta hukumu imekwisha kutolewa. Wapo watakaosema kwamba hesabu ya namna hiyo inaua udugu. Sisi twaona kinyume chake. Anayejua kiasi chake hutoa kwa moyo mweupe na kwenda harusini akacheza, ilhali asiyejua hutoa kwa woga, kisha hukaa kona ya ukumbi akipiga hesabu ya deni. Hali kadhalika nguo za Komunyo ya Kwanza. Shati jeupe la shule likifuliwa vizuri linatosha, na mzazi anayekopa kwa ajili ya suti ya mtoto wa miaka tisa anajinunulia mawazo ya miezi mitatu. Madeni nayo yatafutiwe siku moja ya juma ya kuyapigia hesabu, siku nyingine daftari lifungwe. Simu ilale sebuleni.

Kuna wengine ambao mawazo yao hayahusu fedha wala ndoa bali dhambi. Hao huungama, huondolewa, nao hurudi juma lijalo na dhambi ile ile ya miaka ishirini iliyopita, wakihofu kwamba hawakuieleza sawasawa. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alipitia mateso hayo kule Manresa, mwaka 1522 na kuendelea. Aliungama na kuungama tena yaliyokwisha pita, na dhiki yake ilikuwa kali hata akashawishika kujiua. Alipona alipoazimia kutorudia kuungama hata jambo moja la zamani. Kuchimba zaidi kulikuwa hakujamsaidia. Lililomsaidia ni kufunga kesi. Baadaye, katika kanuni zake za kiroho, alifundisha kwamba wakati wa giza la moyo mtu asibadili azimio alilolifanya wakati wa utulivu. Twadhani kanuni hiyo inafaa hata kwa mambo ya duniani. Ndoa haivunjwi saa nane za usiku, wala kazi haiachwi saa hiyo, wala ujumbe wa hasira hautumwi. Asubuhi ipo.

Tumefikia jambo linalotugusa kwa karibu. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo za Kikristo tangu miaka ya 1970. Kila juma tunakutana nyumba kwa nyumba, nyuso kumi au ishirini zinazofahamiana. Benchi tunalo tayari, na mabibi tunao. Hata hivyo, mtu aliyelemewa huja jumuiyani, husali, hutoa sadaka, na kurudi nyumbani na rundo lake lote. Baadhi hulileta kwenye kiti cha maungamo, ambapo nyuma yao kuna foleni ya watu arobaini na padre hana zaidi ya dakika chache. Hapo si mahali pa kufumulia rundo.

Kwa nini hawasemi jumuiyani? Jibu tunalijua sote: maneno. Linalosemwa Jumamosi kwa machozi linasikika Jumapili sokoni. Yafaa tukumbuke kwamba mabibi wa Harare walifundishwa kazi hiyo na wanasimamiwa. Hawakuokotwa tu kwa sababu ni wazee. Mwenye moyo wa huruma lakini mdomo mwepesi hafai. Ni afadhali jumuiya isiwe na msikilizaji kuliko kuwa naye wa namna hiyo, kwa maana siri ya mtu mmoja ikivuja, wengine kumi watanyamaza miaka mingi.

Tena msikilizaji awe mtu anayejua mpaka wake. Mgeni akianza kusema kwamba heri afe, au akisikia sauti zisizosikiwa na wengine, au akiacha kabisa kula, hiyo si kazi ya benchi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hospitali ya wilaya au ya mkoa, nayo itajua kama inafaa kumpeleka mbele zaidi, hata Mirembe kule Dodoma. Asiende peke yake, na nauli isiwe sababu ya kuchelewa. Mfuko wa jumuiya unaonunua soda za mgeni rasmi waweza kununua tiketi ya basi.

Tunaomba basi kila jumuiya, katika mkutano wake wa juma hili, iweke ajenda moja kabla ya matangazo: majina mawili, la mama na la baba. Wasichaguliwe kwa cheo wala kwa ufasaha wa kusali hadharani. Muulizane tu swali hili: kama mimi ningekuwa na mawazo, ni nani hapa ningemwambia? Majina yaletwe ofisi ya parokia kabla ya mwisho wa mwezi, ili tutafute mhudumu wa afya atakayekuja kuwafundisha.