Stroberi bila jiko

Ukikuta stroberi za Limuru sokoni, geuza kikopo utazame chini, maana juu hupambwa! Chagua zilizo nyekundu hadi kwenye kikonyo; tunda hili likishachumwa haliivi tena, na pesa zako zitanunua uchachu.

Osha nusu kilo kabla ya kung'oa vikonyo, la sivyo maji yataingia ndani. Katakata, nyunyizia vijiko 2 vya sukari, kisha uache nusu saa. Sukari itavuta maji na utapata sharubati nyekundu. Mimina juu ya maziwa lala mazito, yaliyo baridi. Nanyi wanafunzi wa vyumba vya kupanga, hapa mafuta ya taa hayahitajiki. Waite watoto mara moja, kwani hazilali.