Bureti Kavu, Majibu Tele

Mpwa wangu yuko kidato cha sita, anasoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. Alipokuja likizo nikamuuliza titresheni wanaifanyaje siku hizi. Akacheka. "Anko, tunapika tu."

Wanapika namba. Bureti moja, wanafunzi kumi na wawili, na koki yake inavuja. Mmoja anashika, waliobaki wanachungulia mabegani. Kengele ikilia, kila daftari lina jedwali safi: 22.40, 22.50, 22.50. Zinapishana kidogo tu, kwa adabu, ili mwalimu asistuke.

Sikumkemea. Ningeanzia wapi? Na mimi nilipika. Nilisimama nyuma ya jamaa mmoja mrefu, sikuiona hata ile rangi ya waridi ya fenolftalini ikipotea. Nikaandika. Nikapata vema nyekundu, kubwa, na nikatembea nayo kifua mbele wiki nzima.

Na wewe uliyepita PCB, PCM au CBG, acha kunikodolea macho. Ulipika.

Kemia ya advansi ina karatasi 3, na ya 3 ndiyo ya vitendo. Saa 24 kabla, shule hupewa maelekezo ya kuandaa kemikali. Utaratibu mzuri kabisa, mwalimu apate muda wa kutengeneza myeyusho. Lakini shuleni kwetu usiku ule bweni halikulala. Fununu ilipita kitanda hadi kitanda. Kuna thayosalfeti? Basi ni ile ya msalaba kwenye karatasi, unautazama mpaka salfa iufunike. Kuna pamanganeti na oksaliki? Basi usisahau kuchemsha. Miezi ishirini na ushee hatukushika pipeti, usiku mmoja tukageuzwa wakemia.

Tukafaulu! Hapo ndipo penye msiba. Tulifaulu.

Utaniambia vifaa hakuna. Nakubali, nusu. Unakumbuka michango ya maabara ya 2014, Rais Kikwete alipotaka kila sekondari ya kata iwe na maabara 3? Tulichanga, wengine kwa kukimbizana na watendaji wa mitaa. Nenda leo kaangalie. Kuna maabara zinazofanya kazi, sikatai. Na kuna kuta zenye meza za zege, sinki lisilo na maji, na kufuli ambalo ufunguo wake hakuna anayejua ulipo.

Lakini nusu ya pili ni uvivu wetu. Magadi ya Ziwa Natron, yale bibi yako anatia kwenye maharage, yamejaa kabonati ya sodiamu, ile ile ya kwenye swali la mtihani. Juisi ya choya ni nyekundu, itie magadi uione inavyogeuka kijani, ikamulie ndimu inarudi nyekundu. Bomba la sindano la duka la dawa lina alama za mililita. Mwalimu mwenye hasira anaweza kufundisha titresheni jikoni kwa mama lishe. Mbona hatufanyi? Kwa sababu kupika ni rahisi, na kupika kunaleta A.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee. Tumemkunja kweli! Tumemkunja vibaya, na sasa amekauka hivyo hivyo.

Maana yule kijana habaki bwenini. Anatoka, anaajiriwa. Kipindupindu kimeingia mtaani kwako, yeye ndiye anatakiwa azunguke kwenye mabomba apime klorini iliyobaki kwenye maji. Jua kali, pikipiki haina mafuta, vituo ni kumi na vinne. Anakaa chini ya mwembe na fomu yake. Kupima anakujua? Kidogo. Lakini namba nzuri inavyofanana anaijua vizuri mno, tulimfundisha wenyewe. 0.4, 0.5, 0.4. Zinapishana kidogo, kwa adabu.

Wewe unakinga ndoo.

Mwingine yuko hospitali, anakusomea sukari ya damu. Mwingine anapima sumukuvu kwenye mahindi ya ugali wako. Mkemia Mkuu wa Serikali naye hana shamba la kuotesha wakemia, anachukua hao hao tunaomletea. Halafu tunakaa kijiweni kuuliza kwa nini nchi hii kila ripoti ni nzuri na kila kitu ni kibovu. Kwani ripoti zinaandikwa na nani? Si sisi, watoto wa 22.50?

Umelala, ndugu yangu. Matokeo yakitoka unatafuta jina la mwanao kwenye simu, ukiona B ya Kemia unapiga kelele, unanunua soda. Hujawahi kumuuliza swali moja dogo: ile rangi uliiona kwa macho yako?

Siku ya kutembelea wanafunzi ikifika, utapeleka kuku wa kukaanga na fedha ya sabuni. Peleka. Ila ukimaliza kumkumbatia mwanao, mfuate mkuu wa shule, msalimie kwa heshima, umwombe akufungulie maabara ya kemia. Usihubiri. Ingia, chukua bureti iliyo karibu nawe, pitisha kidole. Kisha angalia vumbi lililobaki kidoleni.