Nora Amefika Isiolo, Mwana Kupona Angali Njiani

Tangu mwaka 2018 hadi 2022, kila mtahiniwa wa kidato cha nne nchini Kenya, awe ni mwana wa wafugaji wa Merti au binti wa muuza miraa wa Bulapesa, alilazimika kuisoma A Doll's House, tamthilia ya Henrik Ibsen wa Norwei iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Copenhagen mwaka 1879. Na katika muda huo huo vitabu vyake vya fasihi ya Kiswahili vilikuwa Chozi la Heri, Kigogo na Tumbo Lisiloshiba, ambavyo hakuna hata kimoja kilichokuwa kimetimiza umri wa miaka kumi orodha ile ilipoanza kutumika. Sivitii ila vitabu hivyo vitatu, maana mpaka leo vijana wa mji huu wakimwona kiongozi mwenye kiburi humwita Majoka, kwa jina la mtawala wa Kigogo, na mwandishi ambaye jina la mtu wake limekwisha kuwa tusi la sokoni hana haja ya kutetewa nami. Linalonishangaza ni hili, kwamba Kiingereza kiliruhusiwa kutuletea mkongwe wake, tena mkongwe wa kuazimwa, ilhali Kiswahili, chenye wakongwe wake wa damu, kilitakiwa kije na vijana watupu.

Wala asije mtu akasema kwamba mambo ya kale hayana wasikilizaji Isiolo. Vikundi vya waigizaji vinavyozunguka nchini kuonyesha vitabu vya mtihani hufika huku pia, na mimi nimepata kuketi nyuma ya bwalo la shule moja ya wasichana, meza zimesukumwa ukutani, nikimtazama Nora wa Ibsen aliyejifunga kanga akimwacha mumewe na watoto wake na kutoka kwa mlango uliokuwa ni shuka lililoshikiliwa na vijana wawili. Vigelegele vilipotulia, msichana mmoja aliuliza kwa sauti ya kusikika na wote, “Sasa huyu, usiku atalala wapi?” Kitabu kile kiliandikwa kabla askari wa Kisomali, walioitumikia serikali ya Kiingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, hawajapewa makazi hapa Isiolo, na bado kilimgusa binti yule mahali panapouma.

Miaka kama ishirini na moja kabla ya Nora kuufunga mlango wake, yaani mnamo mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham wa Pate, hali akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa beti 102, akimuusia jinsi ya kuishi na Mola wake, na wazazi wake, na zaidi ya yote na mume. Mume wake mwenyewe, Bwana Mataka wa Siyu, aliyeshindana na Masultani wa Unguja kwa miaka mingi, alikuwa amekwisha kufariki, hata wasia ule juu ya utiifu wa mke ukatoka kinywani mwa mjane asiyekuwa na wa kumtii. Kuna wasomao humo unyonge mtupu. Kuna na wengine, nami ni wa kundi hilo, wanaoona hila ya mwanamke mwenye akili amfundishaye bintiye kuitawala nyumba pasipo mwenye nyumba kutambua. Hebu wawekwe wawili hawa mbele ya darasa moja, mmoja anayetoka na mmoja anayefundisha namna ya kubaki, na swali la wapi pa kulala liulizwe tena! Naamini kengele ya chakula isingesikika siku hiyo.

Najua nitajibiwa kwamba lugha ya utendi ule ni ngumu, kwamba lahaja za Lamu na Pate hazieleweki hata na Mswahili wa Mombasa, sembuse mtoto ambaye nyumbani husema Kiborana, Kisomali, Kimeru, Kiturkana au Kisamburu. Ni kweli, lakini Kiingereza alichomsomea Ibsen nacho hakikuwa cha mamaye, nacho chenyewe ni tafsiri, na walimu hawakushindwa kumfasiria. Chapa yenye sherehe ya maneno magumu chini ya kila ukurasa yatosha, na watu wa kuiandika wapo vyuo vikuu vyetu.

Maadamu mtaala wa umilisi umeingia gredi ya 10 mwaka 2026, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala haina haja ya kungoja mzunguko mwingine wa mtihani ndipo itenge nafasi moja ya kudumu kwa kazi ya kale ya Kiswahili, ikibadilishwa kila baada ya miaka kadhaa: leo Mwana Kupona, kesho Al-Inkishafi, kesho kutwa Kusadikika ya Shaaban Robert, ambayo tangu 1951 imewapa waandishi wa magazeti jina la kuiitia nchi inayowafunga wasemao kweli. Kuhusu muda, walimu wasihofu: beti 102 husomwa zote kwa mkao mmoja, na kipindi kikabaki na dakika za kubishana.