Kabla ya Saini ya Pili

Ushauri huu tumeusikia redioni, kwenye mikutano ya SACCO, msikitini na kanisani baada ya ibada. Ukilemewa na mkopo usizime simu wala usihame mtaa. Nenda kwa anayekudai, kaeni mezani, mwandikishane utakavyolipa kidogo kidogo. Anayefanya hivyo ni muungwana. Asiyefanya ni tapeli. Na kwa kuwa dawa ya deni ni kulipa, nani atakataa karatasi inayomsaidia mtu kulipa?

Mimi naikataa, na ninachokataa ni saini. Kwenda, nenda. Kuzungumza, zungumza, tena mapema, kabla wakusanya madeni hawajaanza kupiga simu kwa ndugu zako. Lakini mkataba wa kupanga deni upya, uwe wa benki, wa SACCO au uliosajiliwa mahakamani, mara nyingi humwacha mdeni pabaya kuliko alipokuwa. Kwa kawaida hausamehi kitu. Deni la zamani lilikuwa na mipaka yake na kinga zake za kisheria. Mkataba mpya huziondoa kinga hizo moja baada ya nyingine, kwa ridhaa ya mwenyewe. Nitazungumzia Kenya zaidi, ingawa mengi ya haya yanamgusa pia Mtanzania.

Tuanze na hesabu. Tuseme mama mwenye duka la nguo Kongowea anadaiwa na benki shilingi 500,000. Riba ni asilimia 16 kwa mwaka juu ya salio linalopungua, na amebakiza miezi 24. Kila mwezi anatakiwa kutoa kama shilingi 24,500, na biashara imedorora, hawezi. Benki inamrefushia muda hadi miezi 60. Malipo ya mwezi yanashuka hadi takriban 12,200, nusu kamili, na mama anatoka pale amepata pumzi. Lakini riba aliyokuwa amebakiza kulipa ilikuwa karibu 87,500, na sasa imekuwa karibu 229,500. Hapo bado hatujaweka ada ya kupanga upya, bima ya mkopo kwa miaka mitatu ya ziada, na ada ya wakili kama kuna dhamana mpya. Nafuu ya mwezi ni ya kweli, siikatai. Ila ameinunua kwa shilingi 142,000, na huenda bei hiyo haikutajwa kabisa, kwa maana swali lililokuwa mezani ni moja tu: kwa mwezi utaweza ngapi?

Wengi wakisikia habari za kupanga mkopo upya hukumbuka wakati wa korona. Machi 2020 Benki Kuu ya Kenya iliziruhusu benki kuwasogezea wateja muda, na hadi mapema 2021 mikopo ya kama shilingi trilioni 1.7, zaidi ya nusu ya mikopo yote ya benki nchini, ilikuwa imepangwa upya. Wakati ule, hata hivyo, Benki Kuu iliagiza kwamba gharama za kurefusha na kupanga upya zibebwe na benki zenyewe. Agizo lile lilikuwa la dharura. Anayekwenda benki leo akiwa na picha ya mwaka 2020 kichwani atakuta gharama zile zile zimewekwa upande wake.

Kubwa zaidi limejificha kwenye malimbikizo. Mkopo unapopangwa upya, riba ambayo haikulipwa kwa kawaida huingizwa kwenye msingi, na kuanzia siku hiyo riba inazaa riba. Sheria ya Benki ya Kenya ina kifungu cha 44A, kilichoanza kutumika 2007, ambacho kingepaswa kufundishwa shuleni. Kinasema kwamba mkopo wa benki ukishahesabiwa kuwa haulipiki, riba ambayo benki inaweza kudai tangu hapo haiwezi kuzidi msingi uliokuwa ukidaiwa siku ile. Kama ulikuwa 500,000, basi riba na msingi haviwezi kuvuka milioni moja, ukiacha gharama za kudai. Ni ukuta uliojengwa kumlinda mkopaji, kwa sababu zamani mtu alikopa laki akauziwa shamba kwa mamilioni.

Sasa soma kifungu hicho hadi mwisho. Kinaendelea kusema kwamba mdeni akirudi kulipa, kisha mkopo ukaharibika tena, kikomo kitahesabiwa kwa mara ya mwisho mkopo ulipoharibika. Mama yetu, ikiwa malimbikizo ya 120,000 yameingizwa kwenye msingi wake, ana msingi mpya wa 620,000. Akilipa miezi michache akashindwa tena, ukuta wake hausimami tena kwenye milioni moja. Umesogea hadi karibu milioni moja na robo. Hakukopa hata shilingi moja zaidi. Alichofanya ni kuwa muungwana kama alivyoshauriwa.

Kisha kuna dhamana. Mtu aliyekopa kwa hati ya mshahara tu, bila rehani, anapokwama huambiwa kwamba mpango mpya utawezekana akileta kitu: kitabu cha gari, au hati miliki ya kiwanja. Jambo hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa kuwa huombwa wakati mtu ni dhaifu kabisa, na yeye huona ni jambo dogo akilinganisha na aibu anayoiogopa. Kabla ya hapo mdai asiye na rehani alipaswa kwenda mahakamani, athibitishe deni, apate hukumu, ndipo aanze kutafuta mali ya kukamata. Akishapewa hati, safari ndefu ya kesi haihitajiki. Kuna ilani ya miezi isiyopungua mitatu chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, kisha ilani ya siku 40 ya kuuza, kisha siku 45 za dalali, na nyundo inagonga. Ikiwa nyumba ni ya ndoa, mwenzi naye lazima aridhie rehani. Naye mara nyingi huletwa ofisini siku ile ile, anaonyeshwa mstari, anatia sahihi akiamini anaokoa nyumba.

Mdhamini naye tumfikirie. Kanuni ya zamani ya sheria ya mikataba ni kwamba masharti ya deni yakibadilishwa bila ridhaa ya mdhamini, mdhamini yuko huru. Ndiyo sababu wakopeshaji humwita aje asaini upya, au huwa walikwisha kuweka kifungu cha kumfunga tangu siku ya kwanza. Mwalimu aliyemdhamini mwenzake kwa mkopo wa miaka miwili anajikuta amefungwa kwa miaka mitano, kwa kiasi kikubwa zaidi, na makato yanaweza kuanza kwenye mshahara wake wakati aliyekopa ameshahamia kaunti nyingine.

Hata muda wa deni una thamani. Nchini Kenya, kama ilivyo Tanzania, anayedai kwa mkataba wa kawaida ana miaka sita ya kufungua kesi. Lakini mdeni akikiri deni kwa maandishi na sahihi, au akilipa sehemu yake, saa inaanza upya. Mpango wa malipo hufanya yote mawili kwa pamoja: unakiri kwa kalamu, halafu unalipa awamu ya kwanza. Simshauri mtu ajifiche miaka sita. Nasema tu kwamba anayetoa kitu cha thamani namna hiyo anapaswa kujua kwamba anakitoa, na kuuliza anapewa nini badala yake.

Mahakamani mambo huwa magumu zaidi. Kesi imefunguliwa, mdeni hana wakili, na mwanasheria wa mdai anamfuata kwenye ukumbi na kumwambia mambo yaishe kwa maelewano. Wanaandika: atalipa 15,000 kila tarehe tano, na akikosa awamu moja salio lote litadaiwa papo hapo na mdai ataendelea na utekelezaji. Hakimu anayaingiza maelewano hayo kuwa hukumu. Mdeni amepoteza nafasi ya kuhoji kama riba ilihesabiwa sawasawa, kama ada zile ziliruhusiwa, kama deni lote ni lake. Kurudi nyuma ni vigumu mno: tangu kesi ya Brooke Bond Liebig ya mwaka 1975 katika Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, hukumu ya maelewano haitenguliwi ila kwa sababu nzito kama ulaghai, njama au kutojua jambo la msingi. Kujuta si sababu. Hukumu nayo, kwa sheria ya Kenya, ina uhai wa miaka kumi na miwili, na kukaidi kuilipa kunaweza kumfikisha mtu kwenye jela ya madai.

Tena mara nyingi mdeni haandamwi na mdai mmoja. Ana benki, ana SACCO, ana chama, ana mikopo miwili ya simu na shailoki wa mtaani. Mkataba na benki unaifunga benki peke yake. Aliyewahi kusaini naye anachukua kile kidogo kilichopo, waliobaki wanazidisha kishindo, na mwezi wa tatu mpango wenyewe unavunjika kwa sababu pesa imekwenda kumnyamazisha shailoki.

Kwa tatizo hilo Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya 2015 iliweka mpango wa hiari wa kuwakutanisha wadai wote chini ya usimamizi wa mtaalamu wa ufilisi na uangalizi wa Mahakama Kuu. Ni bora kuliko kukimbia huku na huku, lakini nao una bei. Mtaalamu analipwa, na mwenye rehani hafungwi asiporidhia. Sehemu kubwa ya utaratibu huu imefuata sheria ya Uingereza ya 1986, na jamaa zetu walioko Uingereza wanaufahamu kwa jina la IVA. Kule hupita ikikubaliwa na wadai wenye asilimia 75 ya thamani ya kura, kwa kawaida huchukua miaka mitano au sita, jina la mdeni huwekwa kwenye daftari la ufilisi ambalo yeyote anaweza kulisoma, na ada za msimamizi hutoka katika malipo yale yale ya kila mwezi. Anayeshindwa katikati anaweza kukuta amelipa ada miaka miwili huku madeni yakiwa hayajapungua sana, na mlango wa kufilisiwa uko wazi.

Nitaambiwa kwamba haya yote ni afadhali kuliko mnada. Hoja hiyo ina uzito, lakini inachukulia kwamba njia ni mbili tu, kusaini au kuuziwa. Ziko nyingine. Mwenye mali anaweza kuiuza mwenyewe kwa bei ya soko kabla ya dalali, alipe, abaki na chenji. Anayekaribia kupata fedha za mkupuo, kama kiinua mgongo, anaweza kuomba apunguziwe deni alipe mara moja, na barua ya kufunga deni itolewe siku hiyo hiyo. Naye asiye na chochote, ambaye ndiye hushikwa mkono na kulazimishwa kuahidi asichonacho, sheria ile ile ya 2015 ina utaratibu kwa ajili yake: mtu asiye na mali ya kuuzwa wala uwezo wa kulipa, mwenye madeni kati ya shilingi 100,000 na milioni nne, na ambaye hajawahi kufilisiwa wala kupitia utaratibu huo, anaweza kuomba kwa ofisi ya serikali inayosimamia ufilisi. Akikubaliwa wadai husimamishwa, na baada ya miezi kumi na miwili madeni yanayohusika hufutwa. Mtu huyu akisaini mpango wa miaka mitano anajinyima kinga ambayo Bunge lilimwekea, halafu anawanyima watoto ada kwa miaka mitano ili kulipa riba.

Kwa Waislamu wa pwani kuna jambo jingine. Kumwongezea mdeni deni kwa sababu umemwongezea muda ndiyo ile wanazuoni wanayoiita riba ya jahiliya. Ndiyo maana katika mauzo ya murabaha bei ikishakubaliwa, benki inaweza kumsogezea mteja tarehe lakini haipaswi kupandisha deni ili inufaike na kuchelewa kwake. Hivyo kusubiri bila kuongeza kunawezekana katika biashara ya fedha, na watu wanafanya. Mkopeshaji yeyote anayesema haiwezekani anasema hapendi.

Sikatai kwamba upo wakati wa kusaini. Mshahara umechelewa na tarehe yake inajulikana. Mkulima anasubiri mavuno yaliyo shambani tayari. Mdai ameachilia kitu cha maana, kama adhabu zote au sehemu ya riba, na ameandika. Pesa ikiwa na tarehe, mpango una mguu wa kusimamia. Pesa isipokuwa na tarehe, mpango umesimama juu ya matumaini ya mdeni, na matumaini hayo ndiyo yatakayotumika kumshitaki.

Kwa hiyo anayekwenda mezani aombe kwanza taarifa kamili ya deni, msingi kando, riba kando, adhabu kando, na aichukue nyumbani. Aulize jumla yote atakayolipa hadi shilingi ya mwisho chini ya mkataba wa zamani na chini ya mpya, na adai iandikwe. Aulize iwapo malimbikizo yanaingia kwenye msingi. Asipeleke hati wala mdhamini siku ya kwanza. Barua yake ya kuomba nafuu iwe na maneno "bila kuathiri haki zangu" juu kabisa, kwani maandishi ya kutafuta suluhu kwa sharti hilo kwa kawaida hayapokelewi mahakamani kama ushahidi wa kukiri. Na akiambiwa asaini leo kabla ya ofisi kufungwa, la sivyo nafasi imepita, arudishe kalamu, aende zake, arudi kesho na mtu anayejua kusoma mikataba.