Manahodha Wengi, Mgonjwa Mmoja

Ndugu zangu, sisi wa ughaibuni tuna mazoea mamoja: hospitali ya nyumbani ikitajwa tu, tunaanza na mashine. Haina hiki, haina kile, tuchange. Hapa Al Nahda, Dubai, mpakani kabisa na Sharjah, tukikutana Waswahili wawili watatu hatukosi habari ya mchango wa matibabu. Si vibaya. Lakini tujiulize: mgonjwa wetu anaponzwa na uhaba wa mashine tu, au pia na waganga wasiosemezana?

Tukumbuke Novemba 2007. Pale Taasisi ya Mifupa (MOI), Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa mguu. Mmoja wao alifariki baadaye. Februari 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, mgonjwa asiyehitaji upasuaji alifunguliwa fuvu. Damu iliyoganda iliyokuwa ikitafutwa ilikuwa kichwani mwa mwenzake.

Hizo si zahanati za kijijini. Mabingwa wapo, vyumba vya upasuaji vipo. Kilichokosekana ni mawasiliano. Mgonjwa hupita mikononi mwa daktari wa mapokezi, nesi wa wodi, mtaalamu wa usingizi na mpasuaji. Kila mmoja akidhani mwenzake amehakiki, basi hakuna aliyehakiki.

Na sisi tunafanya nini? Tunadai watu wafukuzwe. Kenyatta daktari, wauguzi na mtaalamu wa usingizi walisimamishwa kazi. Uwajibikaji sibishani nao. Lakini ukimwondoa mtu ukaacha utaratibu ule ule, anayekuja atatumbukia shimo lile lile.

Kinachouma zaidi ni kwamba dawa ilikuwa inajaribiwa nyumbani kwetu. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, yaani wakati ule ule wa mkasa wa MOI, Shirika la Afya Duniani lilikuwa likijaribu orodha ya mambo 19 ya kuhakiki katika hospitali za miji minane. London ilikuwemo, Toronto ilikuwemo, na Ifakara yetu ilikuwemo. Timu husimama mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatolewa. Wanatajiana majina na kazi zao, wanahakiki jina la mgonjwa na mahali pa kupasuliwa. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Gharama yake ni karatasi na dakika chache!

Wapo watakaosema karatasi haitibu. Kweli, ikijazwa kwa kutimiza wajibu tu haina maana. Nguvu yake ni kumpa nesi mdogo haki ya kusema, "Daktari, subiri." Kwetu bingwa akiingia wodini, wadogo hunyamaza. Hiyo tunaiita heshima, lakini heshima inayomfunga mdomo aliyeona kosa humwumiza mgonjwa.

Hapa Dubai hospitali moja huweza kuwa na daktari Mhindi, nesi Mfilipino na mtaalamu wa usingizi Mmisri. Makosa nako hutokea. Lakini watu wasiojuana hulazimika kuandika na kuulizana. Sisi tunajuana mno, na kwa kujuana tunaacha kuandika.

Basi unapotuma hizo dirham, tuma na maswali matatu. Daktari gani hasa ndiye mwenye mgonjwa huyu? Zamu ikibadilika, nani anamkabidhi kwa nani, na imeandikwa wapi? Kabla ya kisu, nani atamuuliza mgonjwa jina lake? Ndugu aliye wodini ayaulize kwa adabu, lakini ayaulize. Na wizara zetu zidai majibu hayo hayo kwa kila hospitali ya rufaa, bila kungoja mkasa mwingine.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hospitali haiwezi kukwepa manahodha wengi. Inachoweza ni kuhakikisha wanasemezana.