Kupe ni Lipi Kati ya Haya Mawili?

Kila ninapohoji sababu ya viongozi wetu kutembelea mashangingi, hujibiwa kwamba mimi ni msomi wa mjini, sijui njia ya Ivuna. Basi tuzungumze juu ya Ivuna. Tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka huko kimondo ambacho vipande vyake huchunguzwa na wanasayansi hadi leo katika nchi za mbali. Mgeni mashuhuri kuliko wote waliowahi kufika Ivuna hakuja kwa V8.

Mwaka 1971 ushindi wa mashindano ya East African Safari ulichukuliwa na Datsun 240Z: milango miwili, viti viwili, silinda sita, injini ya lita 2.4, uzito wa takriban tani moja, nguvu ikienda kwenye magurudumu ya nyuma tu. Mwaka 1973 gari la aina hiyo lilishinda tena, usukani ukiwa mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mashindano hayo yalifanyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamepamba moto, katika tope la Afrika Mashariki hii hii. Wazungu huliita gari la umbo hilo coupé, neno ambalo katika kinywa cha Mswahili hugeuka kuwa kupe. Nitalirudia.

Nitaambiwa kwamba Datsun ile iliandaliwa maalumu na kufuatwa na mafundi. Ni kweli, wala sipendekezi Mkuu wa Wilaya ya Momba ateremkie bonde la Rukwa kwa gari la mashindano. Gari la kuvuta kwa magurudumu manne ni hitaji halali huko, na Land Cruiser mkonga inayobeba wagonjwa haina mpinzani. Lakini V8 ya lita 4.5, yenye tani mbili na nusu na ushei, viti vya ngozi na kiyoyozi, si mkonga. Umri wake mwingi huumalizia kwenye lami, ikiipita foleni ya malori pale Tunduma.

Tena ubaya wake mkubwa si mafuta, ni springi. Gari lile limeundwa ili aliyeketi ndani asiihisi barabara. Mama mjamzito aliyepakiwa kwenye bodaboda huhesabu kila shimo kwa mgongo wake. Mkulima wa mpunga hulihesabu kwa bei anayokatwa na dalali kwa kisingizio cha njia mbaya. Mheshimiwa hahesabu chochote, na ndiye anayeamua bajeti ya barabara. Dereva wa Datsun, walau, kila jiwe lilimfikia mfupani.

Wazee wetu wa enzi za Ujamaa walimwita kupe mtu anayeishi kwa jasho la mwenziwe. Yaweke magari haya mawili ubavu kwa ubavu, kisha uniambie ni lipi linalostahili jina hilo.

Nami nina swali kwa wanaoyaagiza: bei ya shangingi moja ingejenga makalavati mangapi kati ya Kamsamba na Ivuna? Nataka hesabu, iwe kwa shilingi, na itolewe kabla ya mvua za Novemba.