Kodi ikipanda, risiti ziwe mezani

Mwenye nyumba mmoja hapa Usoke alipaka vyumba vyake ndoo mbili za rangi ya maji, kisha akapandisha kodi kutoka shilingi 20,000 hadi 35,000 kwa mwezi. Wapangaji walipouliza, akajibu: "Nimekarabati." Basi. Msimu wa mauzo ya tumbaku ulikuwa umefika, makarani wanahangaika na vyumba; asiyetaka ahame.

Nami ninapangisha vyumba vinne karibu na stesheni, kwa hiyo simsemi kwa wivu. Nasema anayedai amekarabati aoneshe risiti.

Mwaka huu nimebadilisha mabati 24 ya geji 30, kila moja shilingi 28,000. Jumla 672,000, na sikumdai mtu hata senti. Paa linalovuja ni mzigo wa mwenye nyumba. Mpangaji ameshalilipia katika kodi ya kila mwezi. Lakini pia nilivuta umeme, nikapiga dari, nikamwaga sakafu ya saruji palipokuwa vumbi tupu. Mbao, nyaya, saruji, fundi na nauli ya mzigo kutoka Tabora vilikula 1,008,000. Hizo ndizo nilizozigawa kwa vyumba vinne, kisha kwa miezi 84, maana dari ile itafika miaka saba, mchwa wakituhurumia. Ikaja 3,000 kwa chumba. Mwalimu wa chumba cha mwisho alipekua karatasi moja moja, akakwama kwenye ya fundi. "Mzee, hii mbona haina sahihi?" Nikamfuata fundi, akasaini. Kodi ikawa 23,000, hakuna aliyehama.

Zamani tulipokosana kuhusu kodi tulikuwa na pa kwenda. Sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba iliunda mabaraza ya nyumba ya mikoa. Ikafutwa mwaka 2005, tukaachiwa kupatana wenyewe. Kule New York, jiji lisilosifika kwa huruma, sheria ya mwaka 2019 iliwataka wenye nyumba zinazodhibitiwa kodi wapeleke serikalini kumbukumbu za ukarabati pamoja na picha za kabla na baada ya kazi. Hata misafara ya zamani ya biashara iliyopita Unyanyembe kwenda Ujiji ilibishania hongo, yaani ushuru wa kupita, kutwa nzima, lakini doti za kitambaa zilihesabiwa mbele ya macho ya pande zote mbili.

Siombi serikali itupangie bei. Atakayepangiwa bei ataacha kujenga. Ninachoomba ni kidogo. Mikataba ya pango tunaipeleka kwa mtendaji kugongwa mhuri. Basi mtendaji asiugonge mkataba wenye nyongeza ya "ukarabati" usioambatana na risiti, sahihi ya fundi na picha. Simu za kupigia picha tunazo.

Nanyi wapangaji, kabla hamjatoa kodi ya miezi sita mbele, ombeni kuona risiti. Mwenye nyumba akizificha, nyongeza hiyo msilipe.